Somo la Ufundi na Afya: Dawa za Petroli katika Injini za Zamani

Somo letu la leo linahusu vile vichupa vinavyouzwa kwenye maduka ya spea na vituo vya mafuta, ambavyo wengi wetu tunaviita dawa ya petroli. Muuzaji hukwambia umimine kidogo ndani ya tangi, na injini yako ya zamani itarudia ujana wake. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni kwa injini ipi, na kwa gharama ya nani?

Pengine ndugu mmoja atasema: "Somo hilo ni la matajiri wanaotunza magari ya zamani kwa fahari." Hapana. Kwetu gari la zamani si pambo. Ni pikapu ya chama cha ushirika inayobeba majani ya chai. Ni gari la mzee aliyestaafu, analolitumia kupeleka ndizi sokoni. Ni injini ya petroli inayovuta maji shambani au inayozungusha kinu cha mahindi. Kila shilingi inayomiminwa ndani ya tangi imetoka kwenye mshahara wa mtu.

Tumechagua mifano yetu Katwe, Kampala, kando ya barabara ya Entebbe. Huko mafundi wanalehemu, wanakereza vyuma, wanasubu sufuria, wanafua milango na wanafufua injini ambazo waliozitengeneza walikwisha kuzisahau. Fundi wa Katwe hukutana na mambo mawili ya somo hili kila siku: injini ya zamani, na sumu inayoingia mwilini kwa njia ya mkono, pua na mdomo. Tusitenganishe mambo hayo mawili.

1. PETROLI YA ZAMANI ILIKUWA NA NINI?

Injini nyingi tunazoziita za zamani zilitengenezwa wakati petroli ilipokuwa imechanganywa na risasi. Hatusemi risasi ya bunduki. Tunasema ile metali laini, nzito, inayopatikana ndani ya betri za magari.

Risasi ilitiwa kwa kazi moja hasa, nayo ni kuzuia injini isigonge. Katika silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa uwake kwa mpangilio, kuanzia kwenye plagi na kuenea. Petroli ikiwa dhaifu, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo utasikia kelele kama kokoto ndani ya debe, hasa gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Huko ndiko kugonga, na kukiendelea kunaweza kutoboa pistoni. Uwezo wa petroli wa kustahimili hali hiyo hupimwa kwa namba ya oktani. Oktani ikiwa kubwa, petroli hustahimili zaidi.

Risasi ilikuwa na kazi ya pili ambayo haikukusudiwa hapo mwanzo. Ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu. Valvu ya ekzosi hupigwa na gesi yenye moto mkali na kuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Kila inapojifunga hugonga kiti chake, maelfu ya mara kwa dakika chache. Utando ule wa risasi ulikuwa kama mkeka kati ya vyuma viwili. Mkeka ukiondolewa, na kiti kikiwa cha chuma laini, vyuma hivyo hushikana kidogo kidogo kwa joto na kubanduana. Kiti huliwa, na valvu huzama ndani ya hedi.

Kumbuka kazi hizi mbili: kuzuia kugonga, na kulinda viti vya valvu. Dawa nyingi za leo hudai kufanya mojawapo, au zote mbili. Mnunuzi asiyezitofautisha hununua dawa ya kichwa kwa ajili ya jino.

2. WALIOLIPA KWANZA NI WAFANYAKAZI

Mwezi wa Desemba 1921, huko Dayton, Ohio, nchini Marekani, mhandisi Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba kemikali iitwayo tetra-ethili ya risasi huzuia injini kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwezi wa Februari 1923. Iliuzwa kwa jina la Ethyl. Neno risasi halikutajwa katika jina la biashara, ingawa sumu ya risasi ilikuwa imejulikana kwa wanadamu tangu zama za kale.

Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walianza kupatwa na wazimu. Waliona vitu visivyokuwapo, wakapiga kelele, wakafungwa kwa nguo za kuwazuia wasijidhuru. Watano walikufa na wengine makumi walilazwa hospitali. Msimamizi mmoja aliwaambia waandishi wa habari kwamba huenda watu hao waliharibikiwa akili kwa kufanya kazi kupita kiasi. Wengine walikufa Dayton na katika kiwanda cha Du Pont huko Deepwater. Wafanyakazi wa Deepwater waliliita jengo moja la kiwanda hicho Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu waliokuwa ndani walionekana wakipunga mikono hewani kufukuza wadudu ambao hawakuwapo.

Siku chache baada ya vifo vya Bayway, Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali ile mbele yao na kuvuta mvuke wake ili kuonyesha kwamba haidhuru. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameugua kwa risasi mwaka 1923 na kulazimika kupumzika kazi. Uuzaji ulisimamishwa mwaka 1925, kisha ukaruhusiwa tena mwaka 1926, na petroli ya risasi ikaenea dunia nzima.

Ndugu wafanyakazi, hapa pana mafundisho mawili. La kwanza, jina zuri juu ya chupa halisemi kilichomo ndani. La pili, sumu ya kiwandani haibaki kiwandani. Ilianza na watu wa Bayway, ikaishia kwenye moshi wa kila barabara, na hatimaye kwenye damu ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, risasi huharibu ubongo unaokua. Kwa mtu mzima, huleta upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, shinikizo la damu, maradhi ya figo na udhaifu wa mishipa ya fahamu.

3. RISASI ILIVYOONDOLEWA

Mwezi wa Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegali, na kukubaliana kuondoa petroli ya risasi. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi hizo zilikuwa zimeacha kuisafisha na kuiingiza, pamoja na zetu za Afrika Mashariki. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, linakadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Huo ni ushindi wa watu wa kawaida, wanaotembea kwa miguu na kuuza bidhaa kando ya barabara. Tusitamani risasi irudi kwa sababu ya injini chache. Petroli ya ndege ndogo katika nchi nyingi bado ina risasi, na wapo wanaoitafuta kwa ajili ya magari ya zamani. Mfanyakazi asiiguse kwa kazi hiyo. Injini inaweza kutengenezwa upya, lakini ubongo wa mtoto hauna spea.

4. INJINI IPI INAHITAJI DAWA?

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Si kila injini ya zamani iliumia risasi ilipoondolewa. Kwanza uliza: hedi yake ni ya chuma gani?

(a) Hedi ya aluminiamu. Aluminiamu ni laini mno kuwa kiti cha valvu, kwa hiyo tangu kiwandani hutiwa viti vya metali nyingine iliyo ngumu zaidi. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, na Peugeot 404 na 504, ambazo zilibeba abiria na mizigo ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, zina hedi za aina hii. Kwa kawaida injini hizo hazihitaji dawa ya kulinda viti vya valvu.

(b) Hedi ya chuma cha kusubu ambayo viti vyake vimechongwa moja kwa moja ndani ya chuma hicho hicho. Mfano ni Morris Minor na Ford Anglia. Hizi ndizo zinazoweza kuumia, hasa zikibeba mzigo mzito, zikikimbizwa kwa muda mrefu, au zikichemka.

(c) Hedi ya chuma cha kusubu ambayo fundi alikwisha kuitia viti vigumu. Hii haihitaji dawa hiyo tena.

(d) Injini ya dizeli. Haikutumia petroli ya risasi hata siku moja. Mtu akikuuzia dawa ya viti vya valvu kwa lori la dizeli, anakuibia.

Jambo lingine la kufikiri ni hili. Petroli ya risasi imeondoka tangu mwanzo wa 2006. Utando wa risasi uliobaki kwenye viti ulikwisha kutoweka zamani. Kama injini ya aina ya (b) imefanya kazi miaka yote hiyo bila dawa, na valvu zake hazijazama, basi injini yenyewe imekwisha kutoa jibu: kwa mwendo na mzigo wake, haihitaji.

5. NAMNA YA KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Dawa bora hutanguliwa na uchunguzi. Chombo chake ni cha bei ndogo: fila geji, yaani vile vijibati vyembamba vya kupimia tapeti.

Valvu inapozama katika kiti kilicholiwa, mkia wake hupanda juu, na nafasi kati ya mkia na roka hupungua. Chukua mfano wa Morris Minor, ambayo tapeti zake hupimwa injini ikiwa baridi kwa nafasi ya milimita 0.30. Fanya hivi:

Kwanza, rekebisha tapeti zote ziwe 0.30, uandike tarehe na kilomita katika daftari.

Pili, baada ya kilomita 1,500 hivi, pima tena injini ikiwa baridi, uandike namba ya kila valvu.

Tatu, linganisha. Kama valvu za ekzosi bado ziko karibu na 0.30, viti ni vizima. Kama valvu moja imeshuka hadi 0.20, na safari inayofuata inashuka tena baada ya kurekebishwa, kiti chake kinaliwa.

Usingoje nafasi iishe kabisa. Valvu isiyojifunga sawasawa hukosa kupoa, kwa maana joto lake hutoka kupitia kiti. Ukingo wake huungua, nguvu ya silinda hupotea, na gari hukohoa kwenye ekzosi na kuwa zito kuwaka asubuhi.

Kama ni kugonga, angalia mambo haya kabla ya chupa: taimingi, aina ya plagi, maji ya rejeta, na masizi ndani ya silinda. Kumbuka pia kwamba Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini hugonga kwa shida. Gari hilo hilo, kwa taimingi hiyo hiyo, linaweza kugonga likishuka hadi Mombasa. Hapo dereva hulaumu petroli ya pwani, na kumbe kinachotakiwa ni kurudisha taimingi nyuma kidogo.

6. AINA ZA DAWA NA KAZI ZAKE

Dawa ya viti vya valvu. Hutumia chumvi za sodiamu au potasiamu, au fosforasi, au manganizi, kuacha utando badala ya risasi. Baadhi hufanya kazi, na nyingine hazifanyi. Uingereza iliacha kuuza petroli ya risasi kwa jumla mwanzoni mwa mwaka 2000. Kabla ya hapo shirikisho la vyama vya magari ya zamani la nchi hiyo lilizipima dawa hizi kwenye injini, na ni chache tu zilizopewa kibali. Kanuni muhimu ni kwamba usichanganye dawa za aina mbili. Ukianza na moja, endelea nayo.

Dawa ya kuongeza oktani. Husaidia injini yenye mgandamizo mkubwa ambayo kweli inagonga baada ya taimingi kurekebishwa. Kwa injini isiyogonga haiongezi nguvu hata kidogo.

Dawa ya kusafisha. Inaweza kulainisha uchafu wa kabureta. Lakini katika tangi lenye kutu la miaka 40, uchafu unaolegea hukimbilia kwenye chujio na matundu ya kabureta. Safisha tangi kwanza, ubadilishe chujio.

Spiriti. Inaongeza oktani, na ndugu zetu wa mashamba ya miwa wanaijua asili yake, kwa maana hutengenezwa kutokana na molasi, kama inavyofanyika Kakira karibu na Jinja. Malawi imechanganya spiriti na petroli tangu mwaka 1982. Lakini spiriti huvuta maji, na mipira ya zamani ya mafuta huvimba na kupasuka. Anayetumia petroli yenye spiriti katika gari la zamani abadilishe kwanza mipira ya petroli na ya pampu. Mpira uliopasuka juu ya ekzosi yenye moto ni hatari kubwa.

Naftalini, yaani zile tembe za kufukuza nondo kabatini. Ni ushauri wa zamani unaosikika bado. Masalia yake hugandamana na kuziba matundu ya kabureta, na mvuke wake ni mbaya kwa damu. Acha kabisa.

Mafuta ya taa. Hii si dawa, ni wizi. Mafuta ya taa hupunguza oktani ya petroli, na yasiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Injini ikianza kugonga ghafla baada ya kujaza tangi mahali pengine, tilia shaka petroli kabla ya kutilia shaka injini.

Tahadhari kwa ndugu wa mashambani: misumeno ya kukatia miti na baadhi ya mashine za kufyekea zina injini ya mapigo mawili. Hizo ni lazima petroli yake ichanganywe na oili maalumu, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Oili hiyo si dawa ya hiari, ni uhai wa mashine.

7. HESABU

Tufanye hesabu ya mfano. Pikapu inatumia lita 20 za petroli kwa wiki. Kwa wiki 52 ni lita 1,040. Kama kichupa kimoja kinatosha lita 40, utahitaji vichupa 26 kila mwaka. Zidisha 26 kwa bei ya dukani. Kisha nenda kwa mkerezaji umwulize gharama ya kutia viti vigumu vya ekzosi, ambayo hulipwa mara moja. Ongeza bei ya gasketi ya hedi na kazi ya kufungua na kufunga. Linganisha gharama ya miaka miwili au mitatu.

Kwa gari linalofanya kazi kila siku, mara nyingi viti vigumu vitashinda. Kwa gari linalotembea mara moja kwa mwezi kwenda kanisani au msikitini, kichupa huweza kuwa nafuu, au lisihitaji kitu chochote.

Kazi ya viti ina masharti yake. Kiti kisikerezwe kutokana na nondo yoyote iliyookotwa kwenye chuma chakavu. Kiwe cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kikazwe vizuri katika hedi, kwa maana kikilegea kitaanguka ndani ya silinda na kuvunja pistoni. Mkerezaji asichimbe sana hadi kukaribia njia ya maji. Fundi mzuri atakuonyesha vipimo vyake kabla ya kukata. Mheshimu, na umlipe haki yake.

8. MWILI WA FUNDI

Sasa tuje kwenye jambo kubwa kuliko injini.

Usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira. Petroli ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Tumia pampu ya mkono, ambayo bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya hospitali.

Usinawe mikono wala kusafisha vyuma kwa petroli. Ndani ya petroli kuna benzini, ambayo husababisha kansa ya damu. Hupita kwenye pua, na kwenye ngozi pia. Mkataba Na. 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, ulitungwa kwa ajili ya kuwalinda wafanyakazi na benzini. Tumia sabuni na maji ya moto, au kiyeyusho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, mahali penye hewa.

Usidharau chupa ya dawa. Dawa hizi ni kali kabla hazijachanganywa. Zenye manganizi zina hatari yao wenyewe. Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga madini ya manganizi, ambao miguu yao ilikosa nguvu na sauti zao zikafifia. Vaa glavu, usivute mvuke, funga kifuniko, usiweke dawa katika chupa ya soda.

Risasi bado ipo kwenye karakana. Imeondoka kwenye petroli, haijaondoka kwenye betri. Anayefungua betri na kuyeyusha risasi yake asifanye hivyo karibu na jiko, wala mahali watoto wanapochezea. Masizi meusi ndani ya ekzosi na hedi za injini zilizotumia petroli ya zamani yanaweza pia kuwa na risasi. Yaloweshe kabla ya kuyakwangua, usiyapulize kwa hewa ya kompresa. Usile chakula kwa mikono michafu, na badilisha nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Ndugu, mengi ya mambo haya hayategemei hiari ya fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake. Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema kemikali ziwe na maandishi ya kueleza zilivyo na hatari zake, na mfanyakazi apewe habari hizo. Watu wa Bayway hawakupewa. Sisi tunayo haki ya kuuliza.

Lakini anayeuliza peke yake huambiwa aondoke, nafasi yake itajazwa kesho. Wanaouliza pamoja hujibiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, chama cha kwanza cha wafanyakazi nchini Uganda kilikuwa cha madereva wa magari, na waliokiongoza ni James Kivu na Ignatius Musazi. Watu wa usukani na spana ndio waliowatangulia wengine. Mafundi wa leo, ambao wengi wao hufanya kazi bila mkataba wala bima, wana sababu ile ile ya kuungana: kidole kimoja hakivunji chawa.

9. MUHTASARI

Jua aina ya hedi. Pima tapeti na uandike. Rekebisha taimingi kabla ya kutafuta oktani. Piga hesabu ya mwaka mzima, si ya chupa moja. Soma kilichoandikwa kwenye chupa, na kama hakuna kilichoandikwa, usinunue. Dawa haiwezi kufanya kazi ya fundi, na hakuna injini inayostahili kununuliwa kwa afya ya anayeitengeneza.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kazi yenu kuna injini ngapi za petroli za zamani? Zipi zina hedi za aluminiamu, na zipi za chuma cha kusubu?

2. Nani ana daftari la vipimo vya tapeti? Kama hakuna, nani ataanza wiki hii?

3. Mwenzenu anaambiwa na msimamizi anyonye petroli kwa mpira. Je, atakataa kwa njia gani, na tawi litamsaidiaje?

4. Leteni kichupa kimoja cha dawa kwenye mkutano. Msomeni kwa sauti kilichoandikwa. Je, kinasema kuna nini ndani? Kinasema mtumiaji ajilinde vipi?

5. Kuna watoto wanaocheza au kufanya kazi karibu na mahali mnapofungulia betri na injini? Mtafanya nini kabla ya mkutano ujao?

Katibu wa tawi aandike majibu, na kila swali ambalo halikupata jibu lipelekwe kwa mwajiri kwa maandishi, likiwa na sahihi za wote waliohudhuria.